UZI: Kampuni imezama, naenda tribinali ya biashara. Nichukue avoka (wakili) ao niende peke yangu?

#1 Tajiri_wa_Jana (Lubumbashi, Kampemba)
Jambo yenu. Miaka sita nimeuza samaki ya barafu na kuku. Kampuni ndogo, SARL, mimi ndiye gérant, yaani msimamizi wake. Samaki inatoka Namibia, inapita Zambia, inaingia Kasumbalesa, njia mnaijua. Mwaka jana mwishoni umeme ulikatika siku nne, jenereta nayo ikagoma, tani sita na nusu zikaoza. Majirani waliovuta ile harufu wanisamehe. Toka siku ile sikuamka tena.

Leo nadaiwa: banki dola 41,000, mwenye samaki wa Zambia 17,500, kodi ya depo miezi saba, mishahara ya wafanyakazi watano miezi miwili, na kodi ya serikali ambayo sijathubutu kuipigia hesabu. Chumba cha baridi kimebaki na hewa tu. Nimeamua kudepoze bilani, yaani kuitangazia tribinali kwamba kampuni imefilisika, yaishe. Avoka niliyemwona anataka dola 2,500, na 1,000 aipate kabla ya kufungua faili. Mtu asiye na kitu atoe wapi 2,500 za kwenda kueleza kwamba hana kitu? Kuna aliyekwenda mwenyewe pale grefu, ofisi ya makarani wa tribinali, akatoka salama?

#2 Fuso_Nyeupe (Lubumbashi)
2,500 za kukuambia umefilisika? Mimi nakuambia kwa bia moja. Umefilisika. Leta bia.

#3 Karani_Mstaafu (Lubumbashi, Kamalondo)
Nimekaa nyuma ya dirisha la grefu miaka mingi, nitasema ninachojua. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na avoka mbele ya tribinali ya biashara. Mtu anafika mwenyewe, ao anatuma avoka. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, toka 12 Septemba 2012, kwa hiyo mambo ya kufilisika yanafuata ile sheria ya pamoja iliyofanyiwa marekebisho Grand-Bassam 2015.

Unachohitaji ni karatasi: dondoo ya RCCM (rejista ya biashara), mahesabu ya mwaka, hali ya keshi, orodha ya unaowadai na wanaokudai pamoja na anwani zao, orodha ya dhamana ulizotoa, orodha ya mali, idadi ya wafanyakazi na mishahara usiyolipa. Kila karatasi ina tarehe na sahihi yako. Niliwaona watu wenye avoka watatu wakirudishwa kwa sababu orodha ya wadai haina anwani. Na niliona mama mmoja, muuza saruji, alikuja na dafutari lake limepangwa vizuri, akapokelewa siku ileile.

#4 Avoka_Kijana (Lubumbashi)
Mzee Karani, heshima zangu, ila umemwonyesha mlango bila kumwambia kwamba iko minne. Kuna conciliation, ambayo ni ya siri, mnakaa na wadai mbele ya mpatanishi. Kuna règlement préventif, inayosimamisha wadai ili upange malipo. Hizo mbili ni za mtu ambaye hajaacha kulipa bado. Kuna redressement, ya mtu ambaye ameacha kulipa lakini biashara inaweza kupona. Na kuna liquidation, ambayo ni kuuza kila kitu na kufunga. Ndugu hapo juu anasema "kudepoze bilani, yaishe" kama vile ni kitu kimoja. Akigonga mlango usio wake, mwenye kumtoa humo atamlipa zaidi ya 2,500.

#5 Fuso_Nyeupe
Muuza maji hawezi kusema mto uko karibu 😂

#6 Avoka_Kijana
Sijamwomba aje kwangu. Hata jina la ofisi sikuandika.

#7 Mama_wa_Katuba (Lubumbashi)
Mwanangu Tajiri, pole. Miye minauliza kwanza: mu kampuni muliko wangapi, na mu mwaka munauzisha ya ngapi? Juu kuna mtu alinieleza, biashara ndogo biko na njia ya mukato, karatasi kidogo, na siku kidogo.

#8 Tajiri_wa_Jana
Aksanti mama. Wafanyakazi watano na mimi. Faida ilikuwa ndogo sana, labda dola 9,000 kwa mwaka.

#9 Karani_Mstaafu
Basi ni biashara ndogo. Sheria inasema wafanyakazi wasizidi 20 na pesa isizidi milioni 50 za CFA, faranga ya nchi nyingi za OHADA. Njia ya mkato ni yako, avoka wa nini?

#10 Avoka_Kijana
Mzee, hapana. Milioni 50 ni za mauzo ya miezi 12, siyo za faida. CFA imefungwa kwenye euro, 655.957 kwa euro moja, kwa hiyo ni kama euro 76,000. Tajiri, ulikuwa unauza kiasi gani, siyo unabaki na kiasi gani?

#11 Tajiri_wa_Jana
Mwaka mzuri dola 140,000. Lakini miezi 12 hii ya mwisho, kwa sababu ya umeme ule, labda 60,000.

#12 Avoka_Kijana
Umeona sasa? Wanachohesabu ni miezi 12 kabla ya kupeleka faili. Ukipeleka leo unaweza kuingia mlango mdogo. Ungepeleka Januari usingeingia.

#13 Karani_Mstaafu
Hapo umenisahihisha, nakubali. Ila ona, umemsaidia bure, na hapakuhitajika 2,500.

#14 Mjomba_Phoenix (Arizona, mtoto wa Kenya)
Kenya ya Lubumbashi, siyo ile nchi, kabla hamjaanza.

Huku Marekani nilijaza mwenyewe fomu za kufilisika, zinaitwa Chapter 7, bila avoka. Ada ya mahakama dola 338, wanakuruhusu kulipa mara nne, na ukiwa na kipato cha chini sana unaweza kuomba usamehewe. Kabla ya kupeleka unafanya darasa la ushauri wa madeni, cheti kisizidi siku 180. Kisha unakutana na trustee, msimamizi wa mali ya aliyefilisika, anakuapisha na kukuuliza maswali. Kwangu ilichukua dakika saba. Miezi michache baadaye deni za kadi na za hospitali zikafutwa. Jina linabaki limechafuka kwenye ripoti ya mkopo miaka 10, lakini nalala.

Kosa langu moja: nilisahau kuandika gari ambayo jina langu liko pamoja na la binamu. Gari ya binamu! Trustee akaiona. Ilibidi nirekebishe fomu mara mbili, na binamu hanisemeshi hadi leo. Avoka angeniuliza lile swali siku ya kwanza. Na jueni, mimi nilikwenda kama mtu. Kampuni huku haiwezi kujisimamia mahakamani bila avoka, hata kama ni ya mtu mmoja.

#15 Fuso_Nyeupe
Mjomba, huku Lubumbashi hatuna trustee wa dakika saba. Dakika saba hujapata hata kiti cha kukalia.

#16 Mwalimu_Ruashi
Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mwalimu, banki inanikata mshahara kila mwezi, ninabaki na ya sabuni. Na mimi naweza kudepoze hiyo bilani kama Mjomba?

#17 Avoka_Kijana
Kwa bahati mbaya hapana, mwalimu. Ile ya Mjomba ni ya Marekani, inapokea hata mtu wa mshahara. Ya OHADA inashika makampuni na mtu anayefanya kazi yake mwenyewe: mchuuzi, fundi, mkulima, hata daktari ao avoka mwenye ofisi yake. Mtu wa mshahara hayumo. Kwako ni kuongea na banki wakupangie upya.

#18 Mwalimu_Ruashi
Kumbe hata kufilisika kuna wenyewe. Aksanti.

#19 Mzee_wa_Usine (Lubumbashi)
Ninyi vijana mnaona kufilisika ni kitu kipya. 1973, Novemba, Mobutu akatangaza maduka ya wageni yachukuliwe, yakagawiwa, watu wakawa matajiri Jumatatu, muda si mrefu rafu zilikuwa tupu. Nani alikwenda tribinali? 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ikatutoa zaidi ya 10,000 kwa "kuondoka kwa hiari", kila mtu na pesa yake mkononi. Nilimwona mwenzangu wa fonderi akinunua teksi mbili na kufungua alimentasyon, duka la chakula. Baada ya mwaka teksi ziko juu ya matofali. Alifunga mlango, akaenda kulima mashamba njia ya Kipushi, basi. Wadai walikuja, wakaona mihogo, wakarudi. Ile ndiyo ilikuwa liquidation yetu.

#20 Mama_wa_Katuba
Mzee wa Usine, na ile mihogo bado biko? 😄

#21 Mzee_wa_Usine
Mwenyewe hayuko. Mihogo iko.

#22 Birere_Boy (Goma)
Nyie wa Lubumbashi mna bahati ya kubishana avoka ao hapana. Huku toka Januari 2025 banki zimefunga milango. Mimi nilikuwa na depo ya vinywaji kule Buhene, ikaondoka na lava ya 22 Mei 2021, sufuria hazikubaki. Nikaanza upya na mkopo. Sasa deni iko, banki haiko, na mimi niko. Nimefilisika ao hapana? Avoka Kijana, nijibu na wewe.

#23 Avoka_Kijana
Ndugu wa Goma, swali lako ni gumu kuliko la uzi. Kufilisika kisheria ni kushindwa kulipa deni ambayo siku yake imefika, kwa mali uliyonayo mkononi. Kama mlango wa kulipia umefungwa, mtu anaweza kubishana kwamba hukushindwa, ulizuiwa. Weka karatasi zote, hasa ya kuonyesha ulijaribu kulipa. Zaidi ya hapo ni uongo nikikuambia najua.

#24 Birere_Boy
Karatasi ya kwanza ilikula lava, ya pili ilibaki kwenye kabati ya ofisi ya mtu aliyekimbia. Lakini aksanti.

#25 Dada_Kadutu (Bukavu)
Pole Birere. Turudi kwa Tajiri. Nina swali ambalo wanaume wote hapa hamkuuliza: ulisaini nini pale banki? Shemeji yangu huku Bukavu alifunga kampuni vizuri, na avoka, karatasi safi, kila mtu akampongeza. Mwezi wa tatu huissier, mtu wa mahakama wa kukamata mali, akapiga hodi nyumbani. Kumbe alisaini kusimama dhamana yeye binafsi. Kampuni ilikufa, deni likamrudia yeye.

#26 Tajiri_wa_Jana
Nilisaini karatasi nyingi. Mke wangu pia alisaini moja. Na certificat (hati) ya parsela, kiwanja changu cha Katuba, iko kwao.

#27 Dada_Kadutu
Eeeh.

#28 Karani_Mstaafu
Hapo mambo yanageuka. Kufunga kampuni hakufuti hiyo sahihi. Banki itachukua parsela hata kama kampuni imezikwa na maua.

#29 Mama_wa_Katuba
Njo maana miye ninasema: tribinali ya nini? Aende ku banki na bibi yake, bakae chini, baseme "tupe miezi 24". Banki haipende parsela ya Katuba, banki inapenda makuta. Kuuzisha nyumba ya mutu ni kazi ya miaka.

#30 Fuso_Nyeupe
Mimi nina swali dogo tu. Tajiri, ile Fuso yako ya bluu, yenye maandishi ya samaki mlangoni, iko wapi? Nimeiona juzi njia ya Likasi, imepakwa nyeupe. Nimekasirika, Fuso nyeupe ni mimi peke yangu.

#31 Tajiri_wa_Jana
…Iko kwa shemeji. Nilimwandikia mwezi wa pili, kwa dola 500. Ilikuwa ya familia tu, watoto waende shule.

#32 Avoka_Kijana
Dola 500 Fuso? Ndugu yangu.

Sikiliza vizuri. Tribinali ikifungua kesi, inaweka tarehe ambayo uliacha kulipa, na inaweza kuirudisha nyuma hadi miezi 18. Chochote ulichotoa bure ao kwa bei ya mchezo ndani ya kipindi hicho, wadai hawahesabu kama kimetoka. Sindiki, mtu anayewekwa na tribinali kukusanya mali, ataifuata hiyo Fuso hadi Likasi. Na wakisema uliificha makusudi, unatoka kwenye madeni unaingia kwenye jinai, inaitwa banqueroute frauduleuse, kufilisika kwa udanganyifu. Na Mjomba alilia kwa gari ya binamu tu!

#33 Mjomba_Phoenix
Nilijua kuna gari. Kila faliti ina gari.

#34 Karani_Mstaafu
Mimi bado nasema anaweza kwenda mwenyewe, ila aende na ukweli. Airudishe Fuso kwanza, aiandike kwenye orodha ya mali. Mahakimu pale siyo wote wa kazi. Wawili kati ya watatu ni wachuuzi kama yeye, wanajua jenereta ikizima samaki inafanya nini. Wanasamehe hasara. Ujanja ndio hawasamehe.

#35 Avoka_Kijana
Na kama shemeji hataki kuirudisha?

#36 Tajiri_wa_Jana
Shemeji anasema ameshatia pneu (tairi) mpya nne na rangi. Anataka kulipwa rangi.

#37 Fuso_Nyeupe
Naye aandikwe kwenye orodha ya wadai. Jina, anwani, "rangi nyeupe".

#38 Mhasibu_Golf (Lubumbashi)
Nimesoma kuanzia #1, watu wote wameruka tarehe. Sheria inataka utangaze ndani ya siku 30 toka ulipoacha kulipa. Kuchelewa bila sababu halali ni moja ya mambo yanayokupeleka kwenye banqueroute simple, kosa la jinai dogo kuliko lile la Fuso, na kunaweza kukunyima haki ya kuongoza kampuni kwa miaka. Tajiri, banki uliacha kulipa lini?

#39 Tajiri_wa_Jana
Awamu ya mwisho nililipa Januari. Sasa tuko Juni.

#40 Mhasibu_Golf
Basi umeshachelewa miezi. Usiende peke yako.

#41 Karani_Mstaafu
Si haraka hivyo. Machi banki walikupa barua ya kusogeza malipo? Wengi wanatoa. Kama deni limesogezwa, siku yake haijafika, na kama haijafika hujaacha kulipa.

#42 Tajiri_wa_Jana
Walinipa, ya miezi mitatu. Iliisha 31 Mei.

#43 Karani_Mstaafu
Basi siku zako 30 zimeanza juzi.

#44 Mhasibu_Golf
Kwa banki, sawa. Je mwenye samaki wa Zambia? Mwenye depo? Wafanyakazi? Hao nao walimwandikia barua? Deni moja likisogezwa mengine hayasogei.

#45 Avoka_Kijana
Ndiyo ninachowaambia. Watu wawili wenye akili na uzoefu, tarehe mbili tofauti, na kati ya hizo tarehe mbili kuna jinai. Hapo kazi ya avoka siyo kujaza fomu.

#46 Mzee_wa_Usine
Watatu. Mimi nasema aliacha kulipa siku umeme ulipokatika.

#47 Mama_wa_Katuba
Na bale batumikaji batano? Kila mutu anaongea banki na Fuso. Bale biko na batoto.

#48 Mhasibu_Golf
Mama una haki. Mishahara iko mbele, kuna sehemu yake inayolipwa kabla hata ya banki. Kikiuzwa chochote, gharama za kesi zinatoka kwanza, kisha wao.

#49 Tajiri_wa_Jana
Nawajibu wote. Sina 2,500. Nimeuliza baro, chama cha maavoka, wana ofisi ya ushauri wa bure, lakini niliambiwa nilete karatasi ya umaskini toka komine. Bourgmestre, mkuu wa komine, ni mteja wangu wa zamani, alikuwa ananunua samaki ya thomson karton kumi kumi kwa sikukuu. Naona haya kwenda kumwambia anipe karatasi kwamba mimi ni maskini.

#50 Dada_Kadutu
Nenda. Haya haina riba.

#51 Fuso_Nyeupe
Ao chukua avoka kwa saa moja tu, siyo kwa kesi nzima. Binamu yangu alifanya hivyo na kontra ya parsela: dola 50, akauliza maswali yake yote, akaondoka akajifanyia mwenyewe.

#52 Avoka_Kijana
Hilo ni wazo zuri na linaniuma kulikubali. Ila saa moja ni ya maswali matatu: dhamana, Fuso, tarehe. Usiipoteze kunihadithia umeme.

#53 Karani_Mstaafu
Umesema "kunihadithia". Kwa hiyo saa hiyo ni yako 😄

#54 Mhasibu_Golf
Dola 50 haitatosha kwa Fuso pekee. Mimi bado nasema avoka wa kesi nzima, hata kama atauza saa ya mkono.

#55 Mama_wa_Katuba
Na miye bado minasema banki kwanza.

#56 Tajiri_wa_Jana
Kesho asubuhi naenda Likasi kwa shemeji. Nikirudi nitawaambia.

Kitu kingine kidogo: nina konjelatere (friza) mbili kubwa, zimebaki depo, bado nzuri kabisa. Nimeona heri niziuze haraka nipate pesa ya avoka. 300 kila moja. Anayetaka aje inbox.

#57 Mwalimu_Ruashi
Naweza kulipa kidogo kidogo?

#58 Avoka_Kijana
MWALIMU USINUNUE. TAJIRI FUTA HIYO POSTI.